Mwezi wa Pili wa Dawa za TB Ndio Wenye Mtego

Juzi msomaji kaniandikia: "Kaka, kikohozi kimeisha, nimeanza kunenepa, na huu ni mwezi wa pili. Bado niendelee kumeza?" Meza, dada. Meza mpaka mwezi wa sita, hata kama una nguvu za kubeba gunia.

Mimi nimepita huko. Asubuhi kabla ya chai ni vidonge, na baadaye mkojo unatoka rangi ya chungwa. Hata jasho lilinitia doa kwenye shati jeupe. Hiyo ni rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, usiogope. Shemeji yangu mmoja alinitengea kikombe, kikakaa dirishani peke yake. Mpaka leo nikienda kwake nasema nimeshiba. Lakini dozi nilimaliza, na makohozi yalipopimwa hayakuwa na kitu.

Ile rangi nilianza kuipenda nilipojua asili yake. Mwaka 1957 watafiti wa kampuni ya Lepetit ya Milan walikuwa wakichunguza udongo kutoka pwani ya kusini mwa Ufaransa, wakakuta humo bakteria anayetengeneza sumu ya kuua bakteria wenzake. Sumu hiyo wakaiboresha, ikaja kuwa rifampisini. Kabla yake, mwaka 1943, Albert Schatz alikuwa ameipata streptomisini katika maabara ya Selman Waksman kule Marekani, nayo kutoka kwa kijidudu cha udongoni. Ilitibu TB kweli, ila ilipotolewa peke yake bakteria waliizoea. Ndiyo maana sisi tunaanza na dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne.

Na msilalamike kuhusu miezi sita! Wazee wetu walimeza mwaka mmoja na nusu. Majaribio ya miaka ya 1970, mengine yakifanyika hapa hapa Afrika Mashariki, ndiyo yaliyotupunguzia safari.

Mwezi wa pili bakteria wengi wameshakufa, ndiyo sababu unajisikia mzima. Waliobaki wamelala, na rifampisini inawaua wanapojaribu kuamka. Ukiacha, unawaachia uwanja. Vijana mnaopenda njia za mkato, hapa hakuna.

Kwa hiyo meza, tena tumbo likiwa tupu. Miguu ikianza ganzi mwambie nesi, kuna vitamini B6. Na kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, dada, rifampisini inavipunguza nguvu: omba njia nyingine mapema, usije ukarudi kliniki kwa sababu tofauti kabisa.