Mvinyo wa nyumbani Dodoma kugeuka siki

Dada umeuliza kwa nini mvinyo wa wakulima wadogo wa Dodoma unageuka siki baada ya wiki mbili tatu tu, shida sio zabibu, zabibu zetu tamu sana na tunavuna mara mbili kwa mwaka, shida ni hewa. Mama mdogo ana nusu eka Hombolo, anaponda zabibu nyekundu kwenye pipa la plastiki na maganda yake maana rangi yote iko kwenye ganda, halafu asubuhi na jioni anazamisha yale maganda na mti wa mwiko, kwa sababu yanapanda juu yakikauka ndo bakteria wa siki, wale wanaogeuza kilevi kuwa siki wakipata hewa, wanapoanzia hapo hapo.

Baada ya wiki hivi anakamua machicha, mchuzi unaenda kwenye dumu, na hapa ndo wengi wanaharibu! Usiache dumu nusu. Jaza mpaka shingoni, toboa kifuniko upitishe kimpira chembamba, ncha ya pili izame kwenye chupa ya maji ili gesi itoke na hewa isiingie. Mapovu yakiisha na uchafu ukatulia chini, unahamisha taratibu kwenye dumu jingine safi.

Na jamani maji msiongeze, yanapunguza kilevi na ukali wa zabibu (asidi yake), na hivyo viwili ndo vinavyoulinda mvinyo. Mvinyo wa mama mdogo niliuonja ukiwa na miezi minane, safi kabisa, bado unanukia zabibu.