Maswali na Majibu: Kulifananisha behewa la tangi la HO na behewa halisi la mwaka 1957

SWALI: Nina modeli ya plastiki ya behewa la tangi la Marekani, skeli ya HO (yaani ndogo mara 87.1 kuliko behewa halisi), yenye kuba moja juu, iliyopakwa rangi ya fedha na kuandikwa jina la kampuni ya mafuta. Ninayo pia picha ya behewa jeusi la kukodishwa, iliyopigwa kutoka ubavuni mwaka 1957, na ningependa modeli yangu ifanane na behewa lile hasa, si na behewa lolote jeusi. Nilijaribu kazi kama hii hapo awali: nilipaka rangi nyeusi juu ya rangi ya kiwandani, nikabandika dekali (utando mwembamba wenye maandishi, unaobandikwa kwa maji), na mwishowe maandishi ya zamani yakaonekana kama makovu chini ya rangi, huku dekali zikizungukwa na weupe unaometameta. Je, nianzie wapi, na ni sehemu zipi zinazostahili kubadilishwa kabla ya kupaka rangi?

JIBU: Ndugu msomaji, makosa hayo mawili yana tiba, nami nitayafikia. Hata hivyo, kabla hujagusa kisu wala rangi, chukua lenzi ya kukuzia uisome picha yako, kwa maana behewa la tangi la Marekani limeandikwa mwilini mwake karibu kila jambo unalotaka kulijua, na mambo mengi tunayoyakosea sisi waundaji wa modeli yalikuwa yameandikwa wazi mbele ya macho yetu.

Tafuta kwanza namba ya aina ya tangi, ambayo mwaka 1957 ilitanguliwa na herufi ICC, yaani Tume ya Biashara baina ya Majimbo, kwa kuwa herufi DOT hazikuanza kuonekana hadi Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilipoanza kazi mwaka 1967. Ikiwa imeandikwa ICC-103, hilo ni tangi la kawaida lisilobeba shinikizo kubwa, lililopimwa kwa shinikizo la pauni 60 kwa inchi ya mraba, na kuba yake haikuwa pambo: kanuni ilitaka iwe na ujazo usiopungua asilimia 2 ya ujazo wa tangi, ili mafuta yapate pa kutanukia yanapopata joto. Ikifuatiwa na herufi W, tangi limechomelewa, na riveti zote zilizochongwa kwenye mwili wa tangi la modeli yako hazina budi kuondolewa. ICC-104 ni ndugu wa 103 aliyevishwa kizuizi cha joto na koti la bati juu yake, kwa hiyo riveti za tangi lenyewe hazionekani na kipenyo cha nje huongezeka. Ikiwa ni ICC-105A, acha mpango huu mara moja, kwa sababu tangi hilo ni la shinikizo na halina kuba ya kutanukia. Lina kofia fupi tu inayofunika vali, na modeli yenye kuba kubwa haiwezi kugeuzwa kuwa hilo kwa rangi peke yake.

Baada ya hapo tafuta ujazo kwa galoni, ambao mara nyingi huandikwa kwenye kichwa cha tangi au kwenye kuba. Hapa ndipo penye uamuzi mzito kuliko yote, kwa sababu urefu wa tangi la plastiki unaweza kupunguzwa kwa msumeno, lakini kipenyo hakirekebishiki. Tuseme tangi lina urefu wa mita 10. Galoni 10,000 za Marekani ni mita za ujazo 37.9, na hesabu ya silinda inatupatia kipenyo cha mita 2.2 hivi, sawa na milimita 25.2 katika uwiano wa 1:87.1. Galoni 8,000, kwa urefu uleule, zinahitaji kipenyo cha mita 1.96 tu, yaani milimita 22.5. Tofauti hiyo ya zaidi ya milimita mbili na nusu inaonekana wazi hata na mtu asiyejua lolote kuhusu reli, na hakuna ngazi wala dekali itakayoificha. Pima modeli yako kwa kalipa. Ikiwa inatofautiana na behewa halisi kwa zaidi ya nusu milimita, ushauri wangu ni kuitafutia modeli hiyo picha nyingine, na kuitafutia picha yako modeli nyingine.

Kama ujazo hausomeki, picha yenyewe ina rula ndani yake. Bogi (viunzi vyenye magurudumu chini ya behewa) za tani 50 zilizotumika kwa wingi chini ya mabehewa ya wakati ule zilikuwa na futi 5 na inchi 6 kati ya ekseli na ekseli, yaani milimita 1,676. Pima kwenye picha umbali kati ya vitovu vya masanduku mawili ya ekseli ya bogi moja, kisha pima kimo cha tangi kutoka ukingo wa juu hadi wa chini. Ikiwa masanduku yametengana kwa milimita 20 na tangi lina kimo cha milimita 24, basi kipenyo halisi ni kama milimita 2,011, ambayo ni 23.1 katika HO. Kumbuka kwamba ukingo wa juu wa tangi uko nyuma ya uso wa bogi kwa karibu mita moja, hivyo kamera huupunguza kidogo. Nami huongeza kiasi kidogo kwenye jibu, hasa pale mpiga picha alipokuwa amesimama karibu.

Tarehe ya picha nayo inakuambia mambo yasiyopaswa kuwapo. Mwaka 1957 breki za hewa za aina ya K, mfumo wa zamani, zilikuwa zimekwisha kupigwa marufuku kwenye mabehewa yanayopita kutoka reli ya kampuni moja kwenda nyingine, tangu 1953, kwa hiyo chini ya behewa lako panatakiwa mfumo wa AB, wenye silinda, hifadhi ya hewa na vali vikiwa vitu vitatu vilivyotengana. Modeli nyingi za zamani zina kipande kimoja kinachowakilisha breki za K. King'oe bila kusita. Vibandiko vya rangi rangi vya kusomwa na mashine vilianza mwaka 1967, na mistari ya kuakisi mwanga ililetwa na kanuni ya mwaka 2005. Seti moja ya dekali mara nyingi huchanganya alama za miongo kadhaa, na ni rahisi sana kuzibandika zote kwa sababu tu zimo kwenye karatasi.

Kuhusu riveti, hesabu mishono (mistari ya riveti inayounganisha mabamba) kwenye picha kabla hujaamua lolote. Watengenezaji hawakulingana katika idadi ya mabamba na mahali pa mishono, na mwongozo pekee unaofaa ni behewa lile lile ulilonalo pichani. Mishono iliyozidi ikwangue kwa ncha ya kisu kilicholazwa karibu sawa na uso wa tangi, kisha usugue kwa msasa laini wenye maji, ukiuzungusha kufuata mviringo wa tangi, usiunyooshe, vinginevyo utapata ubapa utakaoonekana mara tu rangi ya kung'aa itakapopita juu yake. Palipopungua mshono, zipo riveti za resini zilizochapwa juu ya karatasi ya dekali, nazo hufanya kazi nzuri sana kwenye uso wa mviringo.

Vishikio na vyuma vya kushikia kandokando ya tangi ndivyo vinavyobadilisha modeli kwa kiasi kikubwa kwa gharama ndogo. Viwango vya usalama vya Marekani vya mwaka 1911 vilitaka kishikio kiwe na unene usiopungua inchi 5/8, nacho chuma kirefu kinachozunguka tangi kisipungue inchi 7/8. Katika HO hizo ni milimita 0.18 na 0.25, ilhali vile vya plastiki kwenye modeli nyingi hukaribia mara mbili ya hapo. Tumia waya wa shaba nyeupe au wa bronzi wa milimita 0.2 kwa vishikio na 0.25 au 0.3 kwa chuma kirefu, toboa matundu kwa keekee ya mkono, na acha nafasi ya zaidi ya nusu milimita kati ya waya na mwili, kwa sababu kanuni ile ile ilitaka mkono wa mfanyakazi upate inchi mbili za kupenya. Mimi huwawazia wanadamu waliopanda ngazi hizo usiku wa baridi wakiwa wamevaa glavu nene, na sioni kuwa ni kazi ya bure kuziweka mahali pake.

Sasa makovu. Maandishi ya kiwandani huchapwa kwa wino wenye unene, na rangi mpya hufuata unene huo. Loweka sehemu za plastiki katika alkoholi ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 91 au zaidi, kwa saa chache, katika chombo chenye kifuniko na chumba chenye hewa ya kutosha, mbali na moto wa aina yoyote. Kisha sugua kwa mswaki laini. Jaribu kwanza kwenye upande wa ndani wa kipande kisichoonekana, maana plastiki hazifanani. Mafuta ya breki ya gari, ambayo wengine huyapendekeza, mimi sikushauri uyatumie, kwa kuwa nimeona vipande vyembamba vikipasuka wiki kadhaa baada ya kuloweshwa. Rangi ikitoka, osha kwa maji na sabuni ya vyombo, acha vikauke, na usivishike tena kwa vidole vitupu. Kisha pulizia praima, yaani rangi ya msingi, ya kijivu. Hiyo itakuonyesha mikwaruzo na mapengo yote, nayo pati itayaziba mapema, wakati bado kuna nafuu.

Rangi nyeusi ya behewa isiwe nyeusi kabisa. Weusi mtupu kwenye kitu kidogo humeza vivuli, na riveti ulizozihangaikia hupotea. Mimi huchanganya sehemu nne za nyeusi na moja ya kijivu cha wastani, nikaipulizia kwa shinikizo la bar 1 hadi 1.4, kwa tabaka tatu nyepesi badala ya moja nzito. Vaa barakoa ya kuchuja mvuke hata kama rangi inatumia maji.

Weupe unaozunguka dekali ni hewa. Rangi isiyong'aa ina uso wenye vinyweleo vidogo, dekali ikilala juu yake hewa hunaswa chini, na mwanga ukigonga hewa hiyo hurudi ukiwa mweupe. Kwa hiyo pulizia vanishi ya kung'aa juu ya rangi nyeusi na uiache siku mbili. Kata utando wa dekali karibu kabisa na herufi, uilaze juu ya tone la maji, ipange, kisha vuta maji kwa ncha ya karatasi na utie kimiminika cha kulainishia dekali. Itajikunja na kutisha, usiiguse. Ikikauka, iangalie kwa mwanga wa kutoka ubavuni, na palipo na kipovu toboa kwa sindano nyembamba, tia kimiminika tena, na urudie hata mara tatu au nne, hasa panapopita mshono wa riveti. Baadaye futa mabaki kwa maji safi, ndipo upulizie vanishi isiyong'aa. Kwa mahali pa kila herufi, tumia riveti kama rula: ukiona kwamba herufi ya X inayofunga alama ya mmiliki, ambayo ni ishara kuwa behewa si mali ya kampuni ya reli, inaanzia riveti ya tano kutoka kwenye mshono, basi ianzie hapo hapo. Ila tahadhari moja: katika picha isiyo na rangi, njano na nyeupe huweza kufanana kabisa, hivyo tafuta picha ya rangi ya behewa la mmiliki huyo huyo na la kipindi hicho hicho kabla hujachagua karatasi ya dekali.

Uchakavu uutie kwa kiasi. Mafuta humwagika kwenye mdomo wa kuba wakati wa kujaza, hutiririka kufuata mviringo wa tangi, na hukusanya vumbi. Michirizi hiyo iwe myembamba, ianzie kwenye kuba, na ing'ae zaidi kidogo kuliko sehemu nyingine. Kabla ya kufunga chesisi, pima uzito. Kanuni inayopendekezwa na NMRA, chama cha waundaji wa modeli za reli cha Marekani, kwa HO ni aunsi moja, pamoja na nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu wa behewa, hivyo behewa la inchi 6 litahitaji aunsi 4, sawa na gramu 113. Uzito huo utie ndani ya tangi chini kabisa, uubane kwa gundi isiyoyeyusha plastiki, na uhakikishe hautikisiki, kwa sababu ukishafunga vichwa vya tangi hutaweza kuufikia tena bila kuharibu rangi.