Anzeni na birika la chai

Swali lenu la wiki hii linauliza waajiri wafanye nini ili wafanyakazi wao washike mazoea yanayojenga afya. Nimekuwa karani katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Mombasa, karibu na bandari ya Kilindini, kwa miaka 11, na jibu langu limetokana na niliyoyashuhudia humo. Mwajiri anayetaka watu wabadilike na aanze na yale yaliyo mikononi mwake mwenyewe, yaani saa za kazi, chai ya saa nne na siri ya mfanyakazi, kabla hajawaita watu uani kuruka na kunyoosha viungo.

Sisi tulianza kinyume. Iliandaliwa siku ya afya, hema likapigwa uani, fulana zikagawiwa, na muuguzi akaketi na mashine ya kupimia presha, akawa anatangaza namba za kila aliyepimwa kwa sauti ili mwenzake wa meza ya pili aziandike. Dereva wetu mmoja, mtu mzima anayeheshimika, alisomewa 180 kwa 110 mbele ya utingo wake. Aliteremsha mkono wa shati, akafunga kifungo taratibu, akaondoka bila neno, na kwa miaka miwili hakukubali kupimwa tena. Namba kama zile si za kungoja, kwa kuwa presha huhesabiwa kuwa ya juu kuanzia 140 kwa 90, na mtu anaweza kukaa nayo miaka mingi asihisi lolote mpaka siku kiharusi kinapomwangusha. Utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja. Katika hali hiyo, kumwaibisha mtu aliyejitokeza mwenyewe kupimwa ni kumdhuru.

Marekebisho yake yalikuwa mepesi kuliko nilivyodhani. Chumba cha mafaili kilitiwa pazia, muuguzi akawa anakuja Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, na namba zikawa zinaandikwa kwenye kadi ambayo mwenyewe huikunja akaondoka nayo. Ofisi haipewi nakala. Hilo la mwisho ndilo lililowatoa watu hofu, maana wengi waliamini kwamba siku kazi zitakapopungua, mwenye presha au kisukari ndiye atakayetangulia kuachishwa.

Kisha tukaligeukia birika. Chai ya maziwa ilikuwa ikitoka jikoni imekwisha kutiwa sukari, tamu ya kunata midomoni, ikiandamana na mahamri na siku nyingine viazi karai. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi takriban gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ni bora zaidi ikiwa chini ya 25, ambazo ni kama vijiko sita vya chai. Mtu wa vikombe viwili na soda ya mchana alikuwa amekwisha kuuvuka mpaka huo kabla hajafika nyumbani. Hatukumkataza mtu chochote. Mama anayetupikia aliombwa alete sukari kando, katika kopo lenye kijiko, na sahani ya mihogo ya kuchemsha ikawekwa karibu na mahamri. Kila mtu sasa hujitilia apendavyo, na sukari iliyokuwa ikiisha Jumatano hufika Ijumaa.

Kuhusu mazoezi, nawaomba waajiri wasiwaweke wafanyakazi wote katika kapu moja. Kuli aliyebeba magunia tangu asubuhi hana haja ya kuhimizwa kutembea. Anahitaji kivuli, mapumziko na maji. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, katika kifungu cha 32, inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maji safi ya kutosha, na katika mji huu ambao mifereji hukauka na visima vingi hutoa maji ya chumvi, dumu la maji baridi mahali pa kupakulia shehena lina faida kuliko hotuba nzima ya afya. Sisi makarani ndio tunaokaa vitini kutwa, na ndio tunaoshindwa kufikisha zile dakika 150 za mwendo wa wastani zinazopendekezwa kwa wiki.

Hata hivyo, wakati wake ni muhimu. Kutembea mchana wa Februari, kaskazi ikivuma na jua likichoma, ni adhabu, na mazoezi ya baada ya kazi huwaacha nje wanawake wengi, ambao wanawahi kivuko cha Likoni kabla msongamano haujazidi na wana watoto na chungu cha usiku vinavyowangoja. Wenzangu kadhaa walikuwa wakikataa pia kuruka uani katikati ya wanaume huku muziki ukipigwa, wakaitwa wavivu, ilhali walichotaka ni chumba chao tu. Walipopewa chumba, na nusu saa ndani ya saa za kazi kila Jumatano, walikuja. Wanaopendelea kutembea huachiwa nusu saa hiyohiyo jioni, wakaenda hadi ufukwe wa Mama Ngina na kurudi.

Yule dereva alirejea mwaka jana, akasubiri mpaka foleni ikaisha ndipo akaingia nyuma ya pazia. Sasa anatumia dawa na haikosi Jumatatu ya kwanza, na mwezi uliopita aliniuliza kwa sauti ya chini kama inaruhusiwa kumleta mkewe naye apimwe. Nilimpelekea meneja ombi hilo, naye akakubali.