Mkono umelegea baada ya ajali ya bodaboda: kipimo cha neva kifanyike lini na majibu yasomwe vipi

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako aliyeanguka na bodaboda Kasulu siku tano zilizopita apandishwe basi kesho kwenda Dar kupimwa EMG (kipimo cha umeme wa neva na misuli, nusu kwa vibati vya juu ya ngozi, nusu kwa sindano), maana mkono wa kulia unaning'inia tu. Kwa ajili ya kipimo hicho peke yake, hapana. Kiganja kikiwa cha baridi au mapigo ya damu hayashikiki kwenye kifundo cha mkono, au kama kuna jeraha la kitu chenye ncha kali, hiyo ni dharura ya daktari wa upasuaji leo hii, wala usisubiri kipimo chochote. Kama hayo hayapo, lengeni wiki ya tatu hadi ya nne tangu ajali.

Sababu ni hii. Neva ikikatika shingoni au begani, kipande kilichobaki upande wa mkono hakifi siku hiyo hiyo. Fundi akikipiga umeme kwenye kifundo, misuli ya kiganja itaruka kama kawaida. Mwitikio wa misuli hupotea kabisa kwenye siku ya 9 hivi, na wimbi la hisia, yaani umeme unaosomwa kwenye neva ya hisia, kwenye siku ya 10 au 11. Dalili za sindano, yaani misuli iliyokosa neva kuanza kutoa milio yake yenyewe ikiwa imetulia, huonekana baada ya siku 10 hadi 14 kwenye misuli ya karibu na bega, na wiki 3 hadi 4 kwenye kiganja. Akipimwa siku ya sita, karatasi inaweza kuandika "kawaida", mgonjwa akaambiwa anajilegeza, na miezi ikaliwa bure. Zaidi ya kilomita 1,200 za safari kwa majibu ya namna hiyo ni hasara mara mbili.

Kabla ya kuondoka pigeni simu muulize mambo mawili: mashine inafanya kazi, na mtaalamu wa sindano yupo? Kuna sehemu hufanya ile nusu ya vibati vya juu ya ngozi tu. Kwa jeraha la bega, bila sindano picha haikamiliki.

Siku ya kipimo aoge, asipake losheni wala mafuta. Najua Kigoma mkono ukilegea unachuliwa mawese kwanza. Ngozi yenye mafuta vibati havishiki na mawimbi yanakuja na kelele. Kiganja kiwe na joto la angalau nyuzi 32. Chumba chenye kiyoyozi hupoza mkono uliopooza haraka, na baridi hupunguza kasi ya neva ikaonekana ina ugonjwa ambao haina. Akitumia dawa za kuzuia damu kuganda, au ana betri ya moyo, aseme mapema.

Sasa majibu. Angalia kwanza kama mikono yote miwili ilipimwa. Ukubwa wa wimbi hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, kwa hiyo kipimo cha kweli ni mkono wake usioumia. Upande ulioumia ukishuka chini ya nusu ya ule mwingine, hapo pana jambo. Wengine huruka upande usioumia kuokoa muda. Dai ufanyike.

Sehemu inayowapotosha watu wengi ni wimbi la hisia. Mgonjwa hasikii kitu kwenye kidole cha kati, ganzi kabisa, halafu ripoti inasema neva ya hisia ya kidole hicho ni nzima. Familia hushangilia. Kwa kweli ni habari mbaya: kiini cha neva ya hisia kimekaa nje ya uti wa mgongo, kando ya pingili. Mzizi wa neva uking'oka kutoka kwenye uti wenyewe, kiini bado kimeungana na kidole, kwa hiyo wimbi linabaki zuri huku taarifa haifiki kwenye ubongo. Mzizi uliong'oka hauoti tena. Mizizi ya mkono huitwa C5 hadi C8 na T1, kuanzia juu shingoni kushuka. Kidole gumba hujibu zaidi kuhusu mzizi wa C6, cha kati C7, kidole kidogo C8. C5 haina kipimo kizuri cha hisia, hivyo sindano iingie kwenye romboidi (misuli kati ya uti wa mgongo na bapa la bega) na misuli ya pembeni mwa uti wa shingo. Ikiwa nayo imekosa neva, jeraha liko juu kabisa. Kope iliyolegea na mboni ndogo upande huo huo huelekeza kwenye T1. Tahadhari: wimbi likipotea, usiseme mzizi haujang'oka, maana neva inaweza kuwa imeumia sehemu mbili. Hapo MRI, yaani picha ya sumaku, inahitajika.

Habari njema ni pale misuli haisogei, wiki nne zimepita, lakini ukipiga umeme chini ya jeraha inaruka vizuri. Neva imezibwa tu, haijakatika. Nyingi hurudi ndani ya wiki hadi miezi mitatu.

Rudieni kipimo miezi mitatu baada ya ajali. Neva huota kama milimita 1 kwa siku, na sindano huona dalili za kurudi kabla jicho halijaona kiwiko kukunjika. Baisepsi, msuli unaokunja kiwiko, ikiwa kimya bado, awe mbele ya daktari wa upasuaji wa neva kati ya mwezi wa 3 na wa 6 tangu ajali. Baada ya miezi 12 hadi 18 misuli haipokei neva tena hata ikiunganishwa vizuri.

Kwa sasa mpelekeni fiziotherapia hapo hapo mkoani, hospitali ya rufaa ya Maweni kwa mfano, viungo vinyooshwe kila siku visikaze, mkono ufungwe kwa kitambaa bega lisishuke, na akae mbali na jiko maana hatasikia moto. Barua ya rufaa iwe na tarehe ya ajali, misuli ipi haisogei kabisa na ganzi iko wapi. Bila tarehe hiyo mpimaji hawezi kujua kama ukimya wa sindano ni uzima au ni mapema mno.