Mdhamini anataka mradi wa mwanafunzi utolewe, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi dada. Mi ni mwalimu wa kemia sekondari moja huku Morogoro, mwezi ujao tuna maonyesho ya sayansi na kampuni moja ya soda imekubali kutudhamini, fulana, mabango, nauli za shule jirani mpaka zawadi. Sasa kuna binti wa form three mradi wake ni kupima sukari kwenye soda, anaichemsha kwenye sufuria mpaka maji yaishe, kinabaki kitu cheusi kinanata kama lami, anakipima kwenye mizani ya maabara anaweka kwenye kopo, kila soda na kopo lake. Afisa wa kampuni alivyokuja kuangalia ukumbi akayaona makopo, akasema huo mradi hauendani na shughuli. Mkuu wa shule anataka tumbadilishie mada, binti amelia siku nzima.

JIBU: Pole mwalimu, na binti mpe pole. Msimbadilishie mada.

Mi sina shida na wadhamini. Marekani yale mashindano makubwa ya sayansi ya wanafunzi wa sekondari yalianza 1942 kwa hela za Westinghouse, 1998 wakaingia Intel, tangu 2017 ni Regeneron, kampuni ya dawa, na kila akija mpya jina la mashindano linabadilika, ila mwenye shughuli ni yuleyule, taasisi ya Society for Science, kampuni zinapita yenyewe ipo. Hapa kwetu Young Scientists Tanzania wanafanya maonyesho tangu 2012, na Karimjee Jivanjee Foundation wanawasomesha washindi chuo kikuu. Huo ndo udhamini ninaoupenda mimi, hela inamfikia mtoto majaji wakishamaliza kazi yao.

Kwenu kilichokosekana ni maandishi. Nenda na mkuu wa shule mkaongee nao kwa heshima kabisa, muandikishane, wao wanapata bango, nembo kwenye fulana, meza yao mlangoni na dakika tano za kuongea, ila miradi inapitishwa na walimu na majaji mnatafuta nyie, si mko jirani na chuo kikuu cha SUA hapo, ombeni wahadhiri wawili watatu.

Afu msaidie binti kazi yake isimame. Ule weusi maana yake sukari imeungua, na ikiungua uzito unapungua, kwahiyo akaushe taratibu juu ya maji ya moto, kila soda arudie mara tatu, afu alinganishe na lebo maana chupa za plastiki nyingi zinaandika gramu za sukari kwa kila mililita 100. Majibu yake yakikaribiana na lebo huyo afisa atalalamika nini, wakati namba wameichapisha wenyewe?

Wakijitoa, waambieni wazazi mapema wachangie nauli, fulana si lazima, watoto wana yunifomu. Zawadi hata kalkuleta inatosha.