Maswali na Majibu: Skrubu za Milimita na za Inchi

Swali: Bolti ya M6 (yaani ya kipenyo cha milimita 6) iliingia mizunguko michache katika tundu la robo inchi, kisha ikakwama. Je, niikaze kwa spana?

Jibu: Hapana, irudishe nyuma taratibu kwa mkono. Kipenyo ndicho kilichokudanganya: bolti ya robo inchi ina milimita 6.35, kwa hiyo ya M6 huingia humo bila shida mwanzoni, hata ikipwaya kidogo. Kinachozikosanisha ni hatua, yaani umbali kutoka uzi mmoja hadi unaofuata, kwa kuwa hatua ya kawaida ya M6 ni milimita 1, ilhali robo inchi yenye nyuzi 20 kwa inchi ina hatua ya milimita 1.27, na kufikia uzi wa nne tofauti imekwisha kuzidi milimita nzima. Ukilazimisha, chuma laini ndicho kitakachochubuka, na kwa kawaida hicho ni kile cha kifaa chenyewe.

Swali: Sina geji ya nyuzi. Nitapimaje hatua?

Jibu: Pima kwa rula urefu wa hatua kumi, kisha ugawe kwa kumi. Milimita 10 ni M6 ya kawaida, milimita 12.7 ni ya inchi. Kichwa cha bolti nacho husaidia, kwani namba kama 8.8 au 10.9 huashiria bolti ya milimita, na mistari iliyochongwa kutoka katikati kwenda pembeni huashiria ya inchi ya Kimarekani. Ila mwenye mashine kuukuu ya Kiingereza awe macho: uzi wa Whitworth, uliobuniwa mwaka 1841, pia una nyuzi 20 katika bolti ya robo inchi, lakini pembe kati ya kuta za uzi wake ni digrii 55 badala ya 60, kwa hiyo kuhesabu nyuzi peke yake hakutoshi.

Swali: Skrubu ya 10-32 (ya inchi, unene namba 10, nyuzi 32 kwa inchi) imeingia katika tundu la M5 hadi mwisho. Je, niiache?

Jibu: Hatua zake zinakaribiana mno, milimita 0.79 kwa 0.8, ndiyo maana haikukwama. Hata hivyo kipenyo cha 10-32 ni milimita 4.83, si 5, hivyo nyuzi zinashikana kwa sehemu tu. Mimi ningeiacha kwenye kifuniko kisichobeba uzito, lakini si kwenye breki.

Swali: Kwa nini skrubu za kompyuta moja hazifanani?

Jibu: Diski kuu za inchi 3.5 hutumia skrubu ya 6-32, na za inchi 2.5 hutumia M3. Zitenge katika vikopo viwili kabla ya kuanza kazi.

Swali: Tundu la M6 limekufa nyuzi. Je, nilikate upya liwe la robo inchi?

Jibu: Watu wengi hufanya hivyo na kujuta. Tundu la robo inchi hutobolewa kwa keekee ya milimita 5.1, ilhali nyuzi za M6 zimekwisha kuchimba hadi milimita 6, kwa hiyo mifereji ya zamani hubaki na kukatizana na mipya, na uzi unaopatikana huwa dhaifu. Ikiwa ukuta wa chuma ni mnene wa kutosha, toboa kwa milimita 6.8 na ukate uzi wa M8, kwa maana kipimo hicho hufuta kabisa nyuzi za zamani.