Mstari mmoja wa importi na simu ya mwanachama

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na mwenzangu tunatengeneza tovuti ya chama cha akiba na mikopo kwa React (maktaba ya kujengea kurasa) na webpack (zana inayofungasha msimbo wa tovuti). Nimezoea kuvuta (import) kila kitu kwa mstari mmoja kutoka vifurushi, yaani misimbo iliyoandikwa na wengine: ikoni za Material UI, Moment kwa tarehe, debounce ya Lodash (inayosubiri mtu amalize kuandika) kwa kisanduku cha kutafutia. Seva ya majaribio inachelewa kuwaka, na wanachama wenye simu za bei nafuu wanalalamika ukurasa haufunguki. Mwenzangu anataka tufute vifurushi vyote tuandike wenyewe. Tufanyeje?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba. Hayo ni magonjwa mawili, usiyape dawa moja.

Seva inacheleweshwa na ikoni. Faili kuu ya kifurushi cha ikoni za Material UI inataja ikoni zaidi ya 2,000. Ukiomba tatu kupitia hapo, mashine yako inazipitia zote. Andika njia kamili, mfano @mui/icons-material/Delete. Mistari itaongezeka, vumilia. Wanachama hawaumii hapo, maana tovuti ikifungashwa kwa matumizi halisi, ikoni usizozitumia hukatwa.

Kinachowaumiza ni Moment na Lodash. Lodash ya kawaida imeandikwa kwa CommonJS, mtindo wa zamani wa moduli ambao webpack hushindwa kuupogoa vizuri, yaani kukata yasiyotumika, kwa hiyo debounce moja inakuja na ukoo mzima, karibu kilobaiti 70 kabla ya kubanwa kwa gzip (njia ya kupunguza ukubwa wa faili). Vuta lodash/debounce peke yake. Moment nayo huja na faili za lugha zote usipoizuia, na watunzaji wake walitangaza mwaka 2020 kwamba hawataiongezea mapya. Kuonyesha tarehe, kivinjari kinatosha: zana yake ya Intl.DateTimeFormat ukiipa sw-TZ (Kiswahili cha Tanzania), pamoja na siku, mwezi kwa jina kamili na mwaka, itaandika "5 Machi 2024", bila mwanachama kupakua chochote.

Mwenzako namuunga mkono nusu tu. Kilichomo kwenye kivinjari kitumieni. Lakini hesabu za tarehe, tafadhali, msiziandike wenyewe. Mkopo wa tarehe 31 Januari, rejesho la Februari linaangukia siku gani? JavaScript ukiiambia iongeze mwezi mmoja inakurukia Machi, na hapo mtu anatozwa faini asiyostahili. Chukueni addMonths ya kifurushi cha tarehe cha date-fns, inayorudi siku ya mwisho ya Februari.

Anzeni na webpack-bundle-analyzer, zana inayoonyesha ukubwa wa kila kifurushi, muone nani kajaza nafasi, kisha fungueni tovuti kwenye simu ya mwanachama mmoja, kwa bando lake la kawaida, si kwa Wi-Fi ya ofisini.